Mstari wa Jina

Waliniita kwa sababu ya mwandiko.
Miaka ishirini na sita dirishani, stesheni ya Tabora,
nimeandika Kigoma, Mpanda, Mwanza,
Kigoma, Mpanda, Mwanza,
mpaka mkono ukaijua reli kabla ya jicho.
Leo Mwalimu Kapela kaniletea vyeti thelathini na viwili,
kalamu ya wino mweusi, na meza inayochechemea.
"Mama Tiketi, majina tu. Mengine yamechapwa."

Ukumbi ni bwalo la shule, bado linanuka maharage.
Magodoro ya sponji yameshonewa turubai,
boriti ya mninga imepigwa msasa
hadi imelainika kama mpini wa jembe la bibi.
Watoto wamejipaka chaki viganjani.
Wametoka Isevya, Ipuli, Kiloleni,
wengine Malolo, kwa miguu,
viatu mkononi visichakae.

Sikujua kitu kuhusu michezo hii.
Nilidhani ni sarakasi, ya kuchekesha watu.
Kisha kitoto kimoja kikasimama kwa mikono
na bwalo zima likanyamaza, hata masufuria jikoni,
sote tukitazama nyayo mbili zenye vumbi
zimeelekea darini
kana kwamba huko ndiko kwenye njia.

Ndipo akaja Kashindye.
Kwetu jina hilo hupewa mtoto afuataye mapacha.
Alikimbia, akaruka, akajikunja kama jongoo aliyeguswa,
akajikunjua, akatua.
Kisigino kimoja kikateleza nusu hatua.
Mwamuzi akaandika bila kuinua uso.
Naujua uandishi ule:
ndivyo nilivyoandika siku treni ikiwa imejaa.

Wa tatu.
Mama yake akacheka huko nyuma:
"Si ndilo jina lake! Wawili mbele, yeye baadaye!"
Watu wakacheka. Kashindye naye akacheka,
ila kicheko chake kilichelewa kidogo.

Jukwaa la washindi lilikuwa kreti za soda:
tatu kwa wa kwanza, mbili kwa wa pili,
yake moja.
Medali zilikatwa kwenye madebe ya mafuta ya kupikia;
ukiigeuza ya Kashindye unaona nusu ya alizeti.
Mgeni rasmi alikuwa bado yuko njiani,
kwa hiyo mpishi ndiye aliyewavisha,
baada ya kujifuta mikono kwenye kanga.

Akaja mezani kwangu, medali ikimgongagonga kifuani.
"Mama, andika na Mhoja."
Mhoja ni nani?
Akanionyesha kwa kidevu: msichana mrefu, mlangoni,
mkono wake mmoja umefungwa kitambaa.
"Ndiye anayenidaka. Mwaka mzima.
Mwezi wa tano nilimwangukia, ndio maana ule mkono..."
Hakumalizia.

Nikautazama mstari. Mmoja, wa nukta nukta, mfupi.
Mwalimu Kapela akakohoa:
cheti kimoja, mshiriki mmoja, ndio utaratibu.
Utaratibu? Mimi?
Tiketi moja, abiria mmoja, mtoto wa mgongoni hahesabiwi.
Miaka ishirini na sita nimesema "hairuhusiwi"
kupitia tundu la kioo,
na wengine walirudi nyumbani na mizigo yao kichwani.

Nikaandika Kashindye Mihayo,
K kubwa, na mkia wake.
Kisha nikaupunguza mwandiko,
kama nilivyokuwa nikiandika majina ya vile vituo vidogo
ambako treni husimama tu mtu akipunga mkono:
na Mhoja.

Wino ulivuja kwenye h.
Kashindye akapuliza. Akapuliza tena.
Asante hakusema; alikwenda nacho mlangoni
amekishika wazi kwa mikono miwili
kama mtu abebaye uji wa moto.

Mwalimu aliona. Akasogeza cheti kinachofuata,
akajifanya anatafuta kitu mfukoni.
Vilikuwa vimebaki thelathini na kimoja,
na yule wa kreti tatu
alikwisha kusimama mbele yangu
akihesabu watu wake kwa vidole,
mkono wa kwanza umekwisha,
anaanza wa pili.