Safu ya Penseli

Saa moja unusu tuko juu ya mashamba ya michenza,
matunda bado mabichi, umande umetulowesha hadi magotini.
Upande mmoja Bahari Nyeusi, imejifunika shuka la ukungu;
upande wa pili milima, imejitwika mawingu.
Kati yao pamebaki mlango mwembamba wa anga,
na kila mwenye kucha za kuwinda, kutoka kaskazini yote,
sharti apenye hapa.

Shangazi Lamzira hana darubini ya maana.
Ana ile ya marehemu mumewe, jicho moja limepasuka,
na vibonyezo vitatu vya chuma.
Cha mkono wa kulia, mwewe wala-nyigu.
Cha kushoto, mwewe weusi.
Cha tatu kinaning'inia shingoni
kwa lolote ambalo Mungu ataona linafaa kutuletea:
kipungu, kozi, siku moja korongo aliyepotea njia.

Miaka ishirini na miwili alipima chai kiwandani.
Kiwanda kikafa, mizani ikauzwa chuma chakavu,
mkono ukabaki na tabia yake.
"Kisichoandikwa," husema, "huisha bila habari."

"Wewe usihesabu ndege. Hesabu mstari."
Ameuchora kwa macho tu: kutoka mnara wa simu
hadi ule msonobari uliokatwa kichwa na radi.
Asiyeuvuka hayupo.
Mimi naandika.

Saa tatu, kumi na wawili.
Saa nne, hakuna. Tunakula mkate wa mahindi na jibini,
kunguru mmoja anatudanganya mara mbili.
Saa tano jua linalipasua shuka, joto linapanda kutoka bondeni,
na pale palipokuwa na wingu tupu
panachemka.

Umewahi kukoroga chai ya majani ndani ya glasi?
Ndivyo. Wanazunguka bila kupiga bawa,
wanapanda, wanapanda, hadi wa juu kabisa
anakunja mabawa na kuteleza kusini,
na wengine nyuma yake,
uzi mmoja unaofumuka kutoka kwenye sweta.

Ka. Ka. Ka-ka-ka-ka.
Shangazi hapepesi. Chozi la kukodoa linamshuka, halifuti.
Mia tatu. Mia saba. Elfu moja na arobaini.
"Kumi-kumi sasa," anasema,
na kidole hakijasimama.

Ndipo mlio, kutoka michenzani.
Mmoja anajikunja kama leso iliyoponyoka mkononi,
hatua chache tu kabla ya mnara wa simu.

Kikohozi cha bunduki ile nakifahamu.
Hulala nyuma ya mlango wa chumba chetu.
Naye anakifahamu: wamelelewa nyumba moja,
yeye na baba yangu, kitanda kimoja, blanketi moja.
Hakusema neno.
Ka-ka-ka-ka.

Jioni mvua ilipoanza aliniomba daftari,
akaligeuza, akalifungua kutoka nyuma.
Sikuwa nimewahi kufika kurasa zile.
Safu moja, haina kichwa, vijiti vya penseli vitano-vitano,
kuanzia mwaka ambao mimi sijazaliwa.
Akaongeza kijiti.
"Mbona penseli?"
"Kalamu ni ya waliopita," akasema, akavuta kofia yake.

Nyumbani kulikuwa na mchuzi.
Baba hukaa mwisho wa meza, karibu na jiko,
na kila jioni ya Septemba huniuliza, kwa fahari,
kana kwamba ni ng'ombe wake wanarudi malishoni:
"Haya, leo wangapi?"

"Elfu nane mia sita na watatu."
Akatikisa kichwa, akapuliza kijiko.
"Na mmoja," nikasema.

Hakuniangalia. Alitafuna taratibu,
akasita, akatia vidole mdomoni,
akatoa kipande cha risasi, kidogo kuliko mbegu ya chenza,
akakidondosha sahanini.

Ka.