Makufuli Mawili

Sanduku alilichomelea Ngonyani wa gereji ya Kigogo,
bati zito, miguu minne,
rangi ya kijani iliyosalia kwenye geti la mtu.
Tulilipa elfu tisini kwa mafungu matatu
na tukanung'unika mafungu yote matatu.

Kabla ya hapo kila mkulima wa mchicha bondeni
alilala na dawa yake ya wadudu:
uvunguni, nyuma ya mlango, kando ya mtungi.
Ilikuwa karibu kama chumvi.
Bwana shamba wa kata akaja na daftari lake, akasema,
usiku ikae mbali nanyi.
Hakusema kwa nini.
Tulikuwa bado na udongo wa makaburini kwenye viatu.

Likongo akapinga, na Likongo hapingi ovyo:
"Mwenye kutaka kwenda haulizi njia.
Zibeni mlango, atapita dirishani."
Watu wakaitikia kwa vichwa.
Mimi pia, mwandishi wa kumbukumbu, niliitikia,
kisha nikaandika: *tumekubaliana kununua.*

Makufuli mawili.
Ufunguo mmoja kwangu, wa pili kwa Siwazuri,
ng'ambo ya mto, Buguruni.
Sanduku halifunguki mpaka tusimame wote wawili.
Ilikuwa kero. Viwavi hawamngoji mtu asiye na salio.
Kuna asubuhi nililitukana lile bati
kama mtu aliyenidhulumu shamba.

Halafu masika, saa saba usiku,
Kobelo akabisha hodi.
"Nipe ufunguo. Nataka kupiga dawa mapema."
Mvua ilikuwa inamwagika.
Hakuna anayepiga dawa mvuani:
nilijua, naye alijua kwamba ninajua.
Sikuwa na neno la hekima. Nilikuwa na jibu la katibu:
"Mwingine anao Siwazuri. Maji yamejaa, tutavukaje?"

Akasimama mlangoni, anachuruzika.
"Basi kaa."
Akakaa juu ya ndoo niliyoifudikiza.
Mkaa ulikuwa na unyevu, chai haikuwa na sukari.
Nikamuuliza, waziwazi, kama anataka kufa.
Akatazama kiatu chake kilichoachama.
Akasema, "Saa hizi, ndiyo."
Nikalishika lile neno, *saa hizi*,
nikalikalia kimya kama kuku.

Hatukuongea mengi. Bei ya matembele.
Mama yake, Matombo, na magoti yake.
Akalia, akanyamaza, akalia tena.
Adhana ilipotoka kule juu
akainua uso, akasema:
"Nina njaa."

Tukala kiporo cha ugali.
Mto ulipopungua Siwazuri akavuka, ufunguo shingoni,
wala hakuuvua.
Tukamtia katikati, tukaenda naye hospitali, Mwananyamala,
miguu yetu sita na mwavuli mmoja mbovu.

Nimemngoja Kobelo dirishani kwa Likongo, masika sita sasa.
Hajapita.
Sisemi ni hivyo kwa kila mtu.
Mimi si mtu wa takwimu, na aliyeokoka havai beji
ili nimhesabu sokoni.
Kufuli halikulipa deni lake.
Halikumrudishia usingizi; hilo lilichukua miezi,
na mganga mmoja mwenye subira, na dada yake.
Kufuli linajua kazi moja tu, kuchelewesha.
Wahenga waliposema kawia ufike
nilidhani wanazungumzia safari.

Likongo bado hajakubali.
Ila mwaka jana lilipoliwa kutu
yeye ndiye aliyeleta rangi, bila kuombwa,
akapaka hadi chini, pasipoonekana.

Na Kobelo, leo alfajiri, mikono kiunoni,
viwavi wanamla mchicha wake hai,
ananifokea kutoka tutani:
"Nyie watu wa funguo! Mnachelewa mno!"

Nakuja, namwambia.
Natembea polepole makusudi,
nimsikie akifoka.