Jicho la Saa Nne

Palepale bomba la paa linapotema maji,
nyuma ya nyumba yetu ya mteremkoni, Greenock,
kuliota kitu, nikakiita majani.
Kwetu neno ni moja: majani ya ng'ombe,
majani ya chai, majani ya kufyeka.
Nikampa Mdoe mundu.

Akafyeka nusu. Nusu ikapona
kwa sababu mvua ilimkimbiza ndani,
na mvua ya Greenock haina adabu,
haibishi hodi, haiagi.

Jumapili jua likatoka,
na kile nilichokiita majani
kikafumbua macho kumi na moja,
manjano ya kiini cha yai la kienyeji.
Nikapiga magoti topeni na gauni la kanisani.

Nyasi nazijua. Zina vifundo,
zina ala inayokumbatia shina,
ukizivuta kinyume zinakuchana kidole.
Hili halikunichana.
Majani bapa, yamepangana
kama karata mkononi mwa mtu asiyetaka kuchunguliwa.
Shina nalo bapa, lina mbawa nyembamba kandoni.
Petali sita. Nikahesabu tena: sita,
kila moja na mistari ya kahawia
iliyochorwa na mtu asiye na haraka.

Bi Ishbel akachungulia juu ya ukuta.
"Gugu hilo. Ling'oe kabla halijazaa."
Alisema kwa upole,
kama anayekuambia una mchicha menoni.

Kitabu cha maktaba kikanipa washukiwa wawili.
Wa kwanza ana manyoya, na tunguu chini ya ardhi.
Nikang'oa kichipukizi, nikakisuuza kwenye karai:
mizizi mitupu, nywele za mtoto aliyekimbia kitana.
Nikamfuta.
Wa pili, asili yake pwani ya California,
hupenda kukaa miguu majini,
na akikaushwa hugeuka mweusi.
Nikalaza ua moja ndani ya bili ya gesi,
juu yake nikaweka sufuria ya ugali.
Siku ya tisa nikafunua:
jeusi tititi, doa limelizunguka deni letu.
Sijawahi kuifurahia bili namna ile.

"Linaliwa?" aliuliza dada Nakijwa, simuni, kutoka Same.
Haliliwi.
"Dawa?"
Sijasikia.
"Basi linauzwa?"
Mtandao ukakatika, au alikata yeye.
Kule ndoo ya maji ina bei;
huku mimi nasifu mmea unaokunywa mfereji mzima.

Jina lake la kitabuni ni refu kama treni ya mizigo.
Nikalipa letu: jicho la saa nne.
Saa nne ya kwetu, jua likivuka ghala la sukari,
hufumbuka; saa ya ukutani husema kumi.
Alasiri limeshafumba.
Siku ya mawingu halijisumbui.

Ukitaka kulipanda, sikiza nilivyokosea.
Kwanza nilifukia mbegu kina cha kidole, kama mahindi.
Kimya.
Kisha nikaziweka jikoni, kwenye joto, kwa huruma.
Kimya.
Mara ya tatu, Oktoba, nilizinyunyiza juu ya udongo tu,
nikaacha kopo nje lipigwe na baridi.
Kumbe zinataka kuteswa kidogo
ndipo ziamini kwamba majira yamepita.

Januari barafu ikamuua mama mtu.
Nilimkuta amelala chini, mweusi, ameloa.
"Ni majani tu," Mdoe akaanza,
akanitazama, akaenda kuchemsha chai.

Aprili kopo likajaa. Na si kopo tu:
kwenye nyufa za saruji,
ndani ya buti langu lililosahaulika mlangoni,
na ng'ambo ya ukuta, kwenye changarawe ya Bi Ishbel,
vijani bapa, urefu wa ukucha.
Sikusema kitu.

Agosti, saa nne na robo, nikamwona ameinama,
mkasi mkononi, umeachama,
midomo inahesabu.
Alipofika sita, akaanza upya.