Kata

Chumba changu kiko juu ya duka la misumari, Mkuti,
feni inazunguka kama imelazimishwa,
na mimi, Somoe, mshona picha wa Masasi,
nimeletewa flashi ndani ya bahasha ya kaki:
tamthilia, sehemu ya sita.
Juu yake wino mwekundu: Kesho saa nne. Usirembe.

Nafungua.
Mwanamke anaingia kwa miguu.
Kila mara kwa miguu. Kikuku, kisigino,
kamera inapanda kama sisimizi kwenye muwa,
haina haraka, inapumzika panapojulikana,
na ikifika usoni
muda wa kumuuliza jina umeshapita.

Mwanamume huingia kwa uso.
Mlango ukifunguka, uso. Gari likisimama, uso.
Miguu yake sijaiona tangu sehemu ya kwanza.
Labda hana.

Na nguo zinasema kabla ya mtu kusema.
Mke mwema: kanga mbili na leso ya machozi.
Mke mwovu: suruali, wigi la rangi ya kutu.
Mjane: dera lililopauka, la kukodi,
karatasi ya bei ikining'inia kwapani
(sehemu ya pili ilirushwa hivyo hivyo,
hakuna aliyeona, kwapa halikuwa mbele).
Tajiri ana suti ya kijivu, koti na kizibao,
mwezi wa kumi na moja, jua likiyachoma mawe ya Mtandi,
wala hatoki jasho.

Mjane ni Bi Nantende wa Chiungutwa.
Si mwigizaji; walimkuta ghalani, wakampenda sura.
Mkorosho wake wa kwanza aliachiwa na bibi yake,
lakini mswada unasema shamba kapewa na Tajiri.
Walipowasha kamera, mswada akausahau.
Dakika tano anamwandama karani wa chama:
"Magunia yangu kumi na moja. Umeandika tisa.
Hayo mawili yamekwenda chooni?
Basi tuyasubiri, mimi sina haraka."
Akavuta ndoo, akaigeuza, akakaa.

Maelekezo: kata hapo. Bakiza machozi.
Ingiza mkono wa Tajiri ukitoa noti.

Machozi yapi? Nimerudisha nyuma mara tisa.
Hakulia. Vumbi la ghala lilimwingia jichoni,
akalipangusa kwa nyuma ya kiganja, akaendelea kuhesabu.
Lakini punguza mwendo kidogo,
tandika kinanda chini yake,
sogeza picha mpaka pembe ya jicho ijae kioo,
na vumbi linageuka huzuni.
Najua. Nimefanya hivyo kwa wanawake wengi.
Nimewaliza watu waliokuwa wanapiga chafya.

Lugha yetu ina kisu kimoja kwa kazi nyingi:
kukata kitambaa, kukata kauli, kukata umeme,
kukata tamaa, kukata roho, kukata shauri.
Mimi nalipwa kwa hilo la pili
na kulaumiwa kwa la tatu.

Mama alikuwa fundi cherehani kule Jida.
Kila gauni aliliachia akiba ndani ya mshono,
vidole viwili, haionekani kwa nje.
Ukimuuliza, anasema: mtu hunenepa,
usimshonee kama vile kesho hayupo.

Saa saba usiku umeme ukaondoka.
Nilikaa gizani na harufu ya misumari,
nikimsikia Bi Nantende kichwani akigeuza ndoo.
Uliporudi, niliweka kila kitu walichotaka:
miguu, kikuku, kinanda, mkono na noti zake.
Kisha, kabla ya mkono, nikaacha akiba.
Kidole chake kinagonga daftari la karani.
Mwendo wake mwenyewe. Bila kinanda.
Kumi na moja, anasema.

Asubuhi simu:
"Somoe, pale ghalani umeacha nini?"
"Sekunde nne."
"Sekunde nne za nini?"
"Za magunia mawili."

Akanyamaza. Nilisikia kiberiti.
Kisha akauliza kama suti imetoka vizuri.