Maini

Nimelishika ini langu mkononi, ningali hai.
La plastiki, jepesi, limetoka kwenye printa jana usiku,
angavu kama barafu, na mishipa ndani yake
imetambaa kama mizizi ya mzabibu.

Mimi muuza nyama, soko la Kutaisi.
Maini nayajua: ya ng'ombe, ya kondoo, kwa kilo.
Sikujua langu lina mshipa mmoja mkaidi
unaopinda kushoto bila sababu.

Daktari Mzevinari ameshanipasua mara kumi na moja
ndani ya kompyuta.
Mara mbili nilivuja damu kupita kiasi.
"Ndiyo maana tutapita hapa," anasema,
na kalamu yake inachora mstari.
Mimi ningekata kwingine. Nanyamaza.

Robo yake ni ya Tsisana.
Ana miaka minne, macho ya manjano kama nta.
Analipokea, analitikisa sikioni,
anauliza kama linaliwa.

Mwaka nilipouza shamba la mizabibu
mama alilia, akasema nimemkata maini.
Hakunisemesha tena.
Leo kapiga simu:
"Mwambie huyo daktari
akate taratibu."