Kung'uta Ndipo Upime

Usitumbukize bado, Wara. Kunusa ndiyo kazi.
Beseni litangoja, sabuni haina miguu.
Geuza mifuko, pekua mapindo, ukung'ute
juu ya gazeti, taratibu,
kama mtu anayepeta dengu.
Mgeni hufika kaunta na maneno mawili ya Kihispania,
tafadhali na bei gani,
lakini nguo yake ina mdomo mpana.

Ona hii. Vumbi jekundu kama kutu,
limeuma soksi hadi kwenye uzi.
Huyu ametoka Iguazu. Amesimama kwenye daraja la chuma
kinywa wazi, akiloweshwa na mto unaojitupa
kana kwamba umefukuzwa kwao.
Usiitie maji moto: udongo ule ukipikwa haufi.
Sugua ikiwa kavu, kisha ndimu.

Mchanga mwembamba kwenye mshono wa kaptura,
na mafuta ya kuzuia jua: Rio.
Hao hulipa bila kuhesabu,
ngozi zinawaambuka, wanacheka.
Doa la zambarau kifuani, la mtu aliyetaka kumeza
kabla bilauri haijafika: Mendoza.
Koti la mvua la plastiki, bei ya mkate,
na suruali yenye tope la ngazi magotini,
mfukoni tiketi iliyogeuka uji:
saa ya kuingia, saa ya kutoka,
Machu Picchu kwa kipimo, kama dawa ya kikohozi.
Patagonia hakuna uchafu.
Nguo za huko huja safi, kifungo pungufu.
Upepo wake huchukua, hauachi.

Mimi? Nimefika Oruro,
kwa maziko, nikarudi na basi la usiku.

Sasa hii. Iguse.
Inasimama yenyewe sakafuni
kama askari asiyeambiwa vita vimekwisha.
Chumvi. Uyuni.
Huko mvua ikituama, wanasema, ardhi huwa kioo,
wingu chini, wingu juu,
na mtu katikati hajui kimo chake.
Wanavuka bahari mbili
kuja kulala chali pale wapigwe picha.

Fortunato wangu alikikwangua kioo kile
miaka kumi na tisa.
Sepeteo, shali usoni, miwani ya kuazima.
Kila Krismasi alirudi na suruali hivi hivi,
ikisimama mlangoni kuliko yeye.
Weupe ule una meno.
Mwishowe alinijua kwa hatua, si kwa sura.
Nilimuuliza siku moja, Ni pazuri?
Akanyamaza mpaka chai ikapoa.
Akasema: Alfajiri, kabla wenzangu hawajaamka, ndiyo.

Basi sina kinyongo nao.
Mgeni njoo, mwenyeji apone,
nami nimepona kiasi: paa limezibwa,
jino limeng'olewa, karo yako ya mwaka huu nusu ipo.
Jana msichana mmoja, mrefu, kichwa kinamgonga
kwa hewa yetu nyembamba, anatafuna majani ya koka kwa uso wa mtoto
aliyepewa mwarobaini,
alinionyesha simu yake imeandika kwa lugha yetu:
Bibi, niende wapi kabla ya kurudi nyumbani?
Nikamwonyesha dirisha.
Magari ya kamba yalikuwa yakipita juu ya paa,
mekundu, yamejaa,
na waliomo ndani walikuwa wanapiga picha
kamba yangu ya nguo.
Akacheka, akashika kichwa.
Sijui kama alielewa kwamba blauzi ya tatu ni yake.

Kung'uta ndipo upime, umesikia?
Wa mtaa wa chini hupima kwanza,
wanamlipisha mtu ardhi aliyoikanyaga.
Sisi hapana.
Na ile chumvi ya mapindoni usiimwage.
Kuna chupa nyuma ya redio.

Haya, fungua bomba.
Baridi kwanza.