Nukta ya Veikko

Nilisema Paitoni, lugha tamu ya kisasa,
Benki kule Tampereni, ikaniita kwa pesa,
Wana mashine chumbani, na fundi wamemkosa,
Nimerudi darasani, nasoma Koboli sasa.

Nikamkuta Veikko, mstaafu wa sabini,
Buti la theluji, kiko, na daftari mkononi,
“Nukta ndiyo mfuniko, ukiacha, taabani!”
Nimerudi darasani, nasoma Koboli sasa.

Herufi zote ni kubwa, kama mtu wa hasira,
Ninabweka kama mbwa: JUMLISHA MSHAHARA!
Kosa dogo likizibwa, mengine saba yang’ara,
Nimerudi darasani, nasoma Koboli sasa.

Pana kipande cha giza, onyo USIGUSE lipo,
“Veikko,” nikauliza, “nani kaandika hapo?”
“Ni mimi,” akanijuza, “sababu? Haikuwapo.”
Nimerudi darasani, nasoma Koboli sasa.

Wenzangu wananicheka, lugha mpya kila wiki,
Yangu imeshazeeka, ila kufa haitaki,
Mshahara ukifika, nawanunulia keki,
Nitabaki darasani, nukta nimeweka sasa.